Kuusoma Mpira wa Kupinda

Nilikuwa na miaka kumi na minne siku kocha wa Ruiru aliponifukuza kwenye timu yake ya besiboli, na sijamsamehe. Nasema mapema ili mtu asisome akisubiri mahali ambapo moyo wangu utalainika.

Wengi wa kwetu hawaujui mchezo wenyewe. Mrushaji anasimama mbele yako na mpira mdogo, mgumu, ulioshonwa kwa uzi mwekundu. Wewe una gongo. Kuna mpira wa kasi, unaokuja umenyooka, na kuna mpira wa kupinda, ambao unakuja kama wa kasi kisha unaanguka na kukukimbia wakati gongo limeshatoka. Mpira unafika kabla hujamaliza kufikiri, kwa hiyo lazima uujue ukiwa bado unatoka mkononi mwake. Mimi sikuujua. Niliupiga wa kasi vizuri kuliko wavulana wengi, lakini ule wa kupinda ulinifanya kama nafukuza nyuki.

Nilikuwa msichana pekee katika timu ile. Kila Jumamosi asubuhi nilitoka kwetu Kiganjo, Thika, nikaenda mpaka Ruiru na glovu yangu kwenye mfuko wa karatasi ngumu. Jumamosi moja kocha aliwapanga wachezaji wote kando ya uwanja, akamwita mrushaji wake hodari, mvulana mrefu aliyenizidi mwaka mmoja.

"Mrushie kumi za kupinda," akasema. "Akigusa hata moja, anabaki."

Sikugusa hata moja. Wavulana walihesabu kwa sauti, wote pamoja, kama wanaoimba. Kwenye wa saba nilijizungusha hadi nikaanguka kwa magoti. Mmoja wao alikuwa amenyoosha simu, anarekodi. Mrushaji alicheka mdomo wazi, na meno yake yote nikayaona.

Bahati mbaya mama yangu alikuwa pale. Alikuwa amekuja Ruiru kumwangalia shangazi yangu aliyekuwa mgonjwa, akaamua kunipitia ili turudi nyumbani pamoja. Alikuwa amesimama kwenye ua, kikapu mkononi. Kocha akamgeukia mbele ya watu wote.

"Mama, huyu hana macho. Mpeleke saluni ajifunze kusuka. Huko hakuna kitu kitamjia mbio."

Wavulana wakaangua kicheko. Mama akasema, "Asante, kocha," akanishika mkono, tukaondoka.

Jumatatu video ilikuwa imefika shuleni kabla yangu. Kulikuwa na msichana wa darasa letu aliyejua kuigiza lile anguko langu, mikono juu, magoti chini, na aliigiza kila nilipopita. Siku ya Jumatano nikamwambia mama sitashika gongo tena.

Yeye alikuwa ameketi kitandani na simu yake. Alikuwa ameiomba ile video kwa mtoto wa jirani, na alikuwa akiitazama.

"Mum, futa hiyo kitu," nikamwambia.

"Sifuti. Kuja hapa." Akaisimamisha kwa kidole. "Hapa unaangalia wapi?"

"Kwa mpira."

"Usinidanganye. Unaangalia uso wake. Unataka kujua kama anakucheka."

Nikatazama. Ilikuwa kweli. Katika zote kumi, macho yangu yalikuwa usoni mwa yule mvulana.

Hapo lazima nieleze kazi ya mama. Alikuwa anachagua makadamia kwenye kiwanda kimoja cha Thika. Kokwa zilizobanguliwa zinapita kwenye mkanda mbele ya wanawake waliojipanga, na kazi yao ni kutoa zilizooza, zilizotobolewa na wadudu, zilizobadilika rangi. Mkanda hausubiri mtu. Mama alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu nikiwa chekechea, na wasimamizi walimweka mwisho wa mkanda kwa sababu iliyomponyoka mwingine yeye aliikamata.

"Ukifuata kokwa moja na macho, zingine zote zimepita," akaniambia jioni hiyo. "Mimi siangalii kokwa. Naangalia mahali moja, pale zinatokea. Ile mbaya inajileta yenyewe. Sasa wewe maitu, huyo kijana mpira wake unatokea wapi?"

Aliniita maitu, yaani mama yangu, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake.

"Kwa mkono," nikasema.

"Basi angalia huo mkono. Uso wake muachie mamake."

Tukaanza siku iliyofuata. Mama alikuwa anatoka kazini saa kumi, na saa kumi na moja tulikuwa nyuma ya ploti tuliyopanga chumba, kwenye kile kichochoro cha kuanikia nguo. Aliomba vifuniko vya soda kwenye kioski, akajaza kopo. Kifuniko cha soda ukikirusha kwa kukilaza kinakwenda sawa, na ukikiinamisha kidogo kinapinda na kuanguka kama mlevi. Hakuna aliyemfundisha. Alikaa jioni nzima akirusha ukutani mpaka akajua.

Kwa wiki tatu hakuniruhusu kushika hata fimbo. Nilisimama tu kama mpigaji, mikono mitupu, na kazi yangu ilikuwa kusema "sawa" au "pinda" kabla kifuniko hakijapita chini ya kamba ya nguo, iliyokuwa katikati yetu. Nikichelewa kusema, haikuhesabiwa hata kama nimepatia. Nikikosea, aliokota kingine. Vingi vilinipiga kifuani, kimoja kikanichana nyusi. Jirani alitoa kichwa dirishani.

"Ngai! Mama, kwani huyo mtoto amefanya nini?"

"Bado hajafanya," mama akajibu. "Atafanya."

Wiki ya tatu nilianza kuona. Siwezi kulieleza vizuri. Vidole vyake vilikuwa vinaniambia kabla ya kifuniko chenyewe. Ndipo akanipa fimbo ya ufagio, na kwa mara ya kwanza nikasikia ule mlio mdogo wa bati likigongwa. Mama hakushangilia. Alisema, "Tena."

Shuleni kwangu kulikuwa na mwalimu wa hesabu aliyefundisha besiboli kwenye uwanja wa nyasi huko Ngoingwa, wasichana na wavulana pamoja, timu ndogo ambayo Ruiru walizoea kuifunga bila kutoa jasho. Nilimwendea na kumwambia ninataka kitu kimoja tu, kuupiga mpira wa kupinda wa mvulana fulani. Alinitazama kidogo.

"Hiyo ni sababu mbaya ya kucheza," akasema. "Lakini inaweza kukuamsha asubuhi. Njoo saa kumi na mbili."

Alipaka mipira alama, mingine duara jekundu, mingine la buluu, akawa ananirushia na mimi nataja rangi bila kupiga. Baadaye akaziondoa alama na kutaka nimwambie uzi unazunguka upande gani. Alitengeneza stendi kwa bomba la plastiki lililosimikwa kwenye ndoo ya saruji, akaweka mpira juu yake, nikaupiga mahali pale pale mpaka viganja vikachubuka na kuwa vigumu. Kosa langu lilikuwa kwamba nilikwenda mbele na mwili mzima, nikiukimbilia mpira. "Uache uje," alikuwa akisema. "Uache ufike tumboni. Hauna pa kwenda."

Na ile video tuliitumia. Mama alikuwa ameihifadhi. Mwalimu aliisimamisha kila mara mpira ulipotoka mkononi, mara kumi, nami nikawa nasema ninachokiona. Nikaona kwamba kila alipotaka kupinda, yule mvulana aligeuza kifundo cha mkono mapema, ukabaki unaona ubavu wa kiganja chake, kama mtu anayekata mkate. Na mpira ulipotoka ulipanda kidogo, nusu kiganja hivi, kabla ya kuanguka. Wa kasi haukupanda. Sasa ile aibu yangu ilikuwa daftari la masomo. Niliitazama mpaka nikawa siioni tena ile sehemu ya kuanguka kwangu, naona mkono tu.

Watu husema chuki inachosha. Mimi ilinilisha. Nilipiga mipira mingi mno miezi ile minane, na katika kila mpira nilikuwa naona meno. Kanisani pasta alihubiri juu ya kusamehe saba mara sabini, mama akawa anaitikia kwa kichwa, amina, amina. Tulipokuwa tunarudi nyumbani akasema, "Nimemsikia pasta vizuri. Lakini mechi ni Jumamosi. Tutasamehe wiki ijayo."

Mechi ilikuwa Ruiru, uwanja ule ule. Kocha aliponiona na jezi ya timu ya Thika alisema kitu kwa wavulana wake, na wachache wakaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu. Mama alikuwa amesimama nyuma ya wavu na mwavuli, maana jua lilikuwa kali. Hakuitikia salamu ya mtu.

Mara ya kwanza niliingia kupiga. Nikasahau kila kitu, nikamtazama yule mrushaji usoni. Nikatolewa kwa mipira mitatu. Walicheka, na nilipopita kwenye wavu mama alisema neno moja tu: "Mkono."

Mara ya pili niliuona. Kifundo kiligeuka, mpira ukapanda ile nusu kiganja, na moyoni nikasema pinda, kwa utulivu kabisa. Sikupiga. Ukaanguka kando, nje ya eneo la kupigia. Akarusha mwingine wa kupinda, nikauacha, nje tena. Nilimwona akitazama kidole chake kama kwamba kimemkosea. Mipira minne ikawa nje, nikapewa besi ya kwanza, kituo cha kwanza cha kukimbilia, bila kupiga. Nilitembea polepole kuliko ilivyohitajika.

Mara ya tatu tulikuwa na mchezaji wetu kwenye besi ya pili na mwingine ya tatu, na sisi tulikuwa nyuma kwa alama moja. Mvulana aliyedaka nyuma yangu akasema kwa sauti ya chini, "Sasa, supastaa."

"Mwambie arushe ile ya kupinda," nikamwambia.

"Ati?"

"Mwambie. Kama anaogopa, arushe ya kasi."

Akacheka, akampigia mwenzake kelele, "Anataka ya kupinda!" Kocha akaguna kutoka kando, "Mpe!" Yule mvulana hakuwa na namna ya kukataa mbele ya uwanja mzima. Kifundo kikageuka. Mpira ukapanda. Nikauacha uje, ukaja, ukaanza kuanguka mahali ambapo sasa nilikuwa nimepajua miezi minane, nikaupiga. Ulipita juu ya kichwa cha mchezaji wa besi ya tatu, ukadunda mbali na kukimbia mpaka kwenye ua wa michongoma. Wenzangu wawili wakaingia, alama mbili. Mimi nilisimama besi ya pili nikiwa nahema, nikamtafuta kocha kwa macho mpaka akanitazama.

Alimtoa mrushaji wake papo hapo. Alimfokea mbele ya watu kama alivyoniaibisha mimi, akamwita mwanamke. Mvulana aliuficha uso ndani ya glovu, mabega yakawa yanatikisika. Nilijaribu kumwonea huruma. Haikuja. Nilihesabu mara ngapi mabega yake yalitikisika, na nilifurahi. Ninajua si jambo la kujivunia, lakini ndivyo ilivyokuwa, na nikisema vinginevyo nitakuwa naandika juu ya mtoto mwingine.

Tulishinda. Mchezo ulipokuwa bado unamalizikia, kocha alimwendea mama pale kwenye wavu.

"Mama, hongera. Huyu msichana mlimfunza vipi? Anaweza kurudi kwetu."

"Kocha, sogea kidogo," mama akasema. "Unanizibia."

Kocha akasimama upande, akangoja, na mama akaendelea kutazama mchezo.

Yule mvulana aliacha mchezo mwaka uliofuata, nilisikia. Miaka kadhaa baadaye nilikutana naye kwenye foleni ya benki mjini Thika. Aliniuliza, bila uadui wowote, nilijuaje. Nilitaka kumwambia juu ya kifundo cha mkono. Nikamwambia ilikuwa bahati. Alikubali kwa kichwa, lakini niliona hajaamini, nikaondoka na siri yangu.

Sasa nina miaka ishirini na sita, na mwalimu wa hesabu alipostaafu aliniachia ule uwanja wa Ngoingwa. Jumamosi nafundisha watoto kuusoma mpira. Mama bado anachagua makadamia, na akipata nafasi anakuja kuwarushia vifuniko. Watoto wanamwogopa sana.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, gari liliegeshwa kando ya uwanja, akashuka kocha wa Ruiru. Amenenepa, na nywele zimemtoka. Alikuwa na msichana wa miaka kumi na miwili, mwembamba, glovu mpya kabisa mkononi.

"Huyu ni wangu wa mwisho," akasema. "Anapiga vizuri, lakini ile ya kupinda inamsumbua. Wameniambia wewe ndiye unaweza."

Hakukumbuka lolote. Nilimsoma usoni, hakukuwa na dalili. Hilo liliniuma kuliko vicheko vyote, kwamba mimi nimembeba miaka kumi na miwili na yeye hakunibeba hata siku moja.

Nilimtazama mtoto. Alikuwa anautazama uso wangu kujua kama nitamcheka.

"Huyu nitamchukua," nikasema. "Wewe, hapa haturuhusu wazazi ndani. Utamsubiri kwa gari."

"Hata hapa kwa kamba ya uwanja?"

"Kwa gari, mzee."

Mama alikuwa ameketi kwenye benchi na wazazi wengine watatu, chai mikononi. Kocha aliwatazama, akanitazama mimi, akarudi kwenye gari lake na kushusha kioo. Nikamsimamisha binti yake, nikamwonyesha pa kuweka macho, nikamrushia wa kwanza polepole. Akasema "sawa," na ulikuwa sawa. Ana macho mazuri sana yule mtoto. Nilipogeuka nikaona baba yake ametoa kichwa nje ya dirisha, anajinyoosha ili aone, na nikamwambia binti, "Njoo, tuhamie upande ule mwingine, nyuma ya miti."