Mstari wa Chaki kwenye Benchi la Kanisa

Kila asubuhi, kabla ya kufunga vifungo vya koti, Beryl Ashcombe hutia kipande cha chaki mfukoni. Ana miaka themanini na minane na hajapata kufundisha darasa lolote. Rosalind, binti wa kaka yake, alikaa naye pale Nether Combury karibu mwaka mzima ndipo akathubutu kuuliza chaki ni ya nini. Shangazi alijibu kwamba hakuna aliyewahi kumwambia aache.

Mwaka wa sabini na nne, nyuma ya jiwe lililolegea katika ukuta wa kanisa, palikuwa na kile ambacho majasusi wa Kiingereza hukiita sanduku mfu la barua. Mmoja huacha ujumbe, mwingine huja kuuchukua, wala hawakutani. Beryl hakuacha wala hakuchukua. Yeye alitembeza mbwa. Agizo lilikuwa kwamba akiona watu wasioeleweka, achore mstari wa chaki kwenye benchi la nje, kando ya ukuta huo, ili mleta siri wa saa tatu apite moja kwa moja.

Jumamosi moja aliona gari geni, wanaume wawili ndani, wameshika gazeti lisilofunuliwa. Akachora. Alipogeuza mbwa kurudi, alimkuta jirani yake Muriel na ndoo na brashi, benchi linang'aa. Waamuzi wa shindano la kijiji safi walikuwa waje Jumatatu. Zilibaki dakika nne kufika saa tatu, na bila mstari ule mtu angejipeleka mwenyewe mikononi mwa wale wawili.

Beryl akatoa chaki, akachora upya mbele ya macho ya Muriel.

"We Beryl, una wazimu? Nimesugua hapo mpaka kiuno kinaniuma."

"Na umesugua vizuri, shoga. Mstari huu ni wa fundi rangi, asiupite akagusa pa kukalia. Futa tena, apake benchi zima, halafu waamuzi wakalie rangi mbichi."

Muriel akaguna, akahamia langoni na ndoo yake. Mwanamume mwenye baiskeli akaja, akatupia benchi jicho, akapita bila kupunguza mwendo. Gari likabaki linangoja.

Kisa kilipoishia hapo, Rosalind aliweka kikombe chake cha chai mezani. Kisha akauliza kama shangazi aliwahi kujua yule mtu ni nani.

"Hapana," alisema Beryl. "Niliijua baiskeli yake tu. Ilitosha."