Nyimbo za Kijapani kitandani kwa Bibi

Leo Bibi amenitimua wodini kwa sababu ya nyimbo za Kijapani.

Msicheke kwanza.

Siku nne hajasema neno. Daktari katuambia tujiandae.

Nikakumbuka enzi za Ujamaa alikuwa mwalimu kijijini Kinyala, na Mjapani mmoja wa kujitolea aliwafundisha yeye na wanafunzi wake nyimbo za kwao za majira ya maua.

Nikatafuta kwenye simu zile zinazopendwa sana. Maua, upepo, nikajua zitamchangamsha.

Wimbo wa tatu, akafumbua macho. Akauimba wote! Mimi huyo narekodi, najiona shujaa.

Ulipoisha akaniuliza, "Unajua huu huimbwa lini?"

"Maua yakichanua, Bibi."

"Kwao maua yakichanua ndipo wanafunzi humaliza shule, watu wanaagana. Tulimwimbia yule Mjapani siku anaondoka. Mvua ilikuwa inanyesha. Hakurudi."

Akanikazia macho. "Gwe mwana, wewe mtoto, zima. Mimi bado sijaondoka. Toka."

Nikatoka nalia.

Nje nikamkuta Baba anaongea na simu kwa sauti, anawaambia ndugu wa kijijini Kawetele wakate migomba ipi ili kaburi lipate nafasi.

Dirisha la wodi liko wazi.

Jamani, narudije mle ndani?