Ukuta Usioisha Kukandikwa

Miaka ya tisini tulipanga nyumba ya udongo Mashimoni, Kibera. Kila masika yakiisha, mimi na mama tulikandika upya ukuta uliomeguka, maana landilodi hakuwa na habari na kuta zake.

Mwaka mmoja nilichoka, nikaketi na kamusi yangu kuukuu badala ya kwenda kuteka maji. Nikamsomea mama neno la Kiingereza, “disintegrate”. Maana yake ni kumeguka vipande vipande. Asili yake ni Kilatini, kwenye neno la kitu kizima, kisichowahi kuguswa.

Mama hakuinua uso kutoka kwenye tope.

“Basi hilo si la hapa,” akasema. “Huu ukuta nimeugusa kila mwaka tangu tuhamie. Leta maji.”