Kifaa cha Baba Nilichokijaribu kwa Sikio Langu

Leo naisimulia nacheka, lakini siku yenyewe ningepata shimo pale msikitini Vitongoji ningejifukia, maana watu waliacha kuniangalia usoni wakawa wanaangalia mkeka, na hapo ndipo unajua umeharibu kweli.

Baba masikio yamepungua nguvu, na alikuwa na ombi moja: ndoa ya Salma, binti yake wa mwisho, aifungishe mwenyewe, na ile "nimekubali" ya mkwe aisikie. (Wazee wengi humwachia shehe; yeye hataki.) Basi nikampeleka mjini Chake kwa mtaalamu wa masikio, nikatajiwa bei ya kifaa cha kusikia, nikaruka.

"Dada, kitu kama punje ya kunde, bei ya ng'ombe?"

"Kaka, hulipii punje peke yake. Kuna kumpima, kukirekebisha kifuate sauti alizozipoteza, na kurudi hapa mpaka akizoee..."

Sikumngoja amalize. Mimi shule niliiacha mapema, nimechuma karafuu, nimefyatua matofali, nimeuza simu za mitumba, kila kitu nakifungua nione ndani, kwa hiyo najiona bei za vitu nazijua. Nikapata kingine sokoni, rahisi, nikakijaribu sikioni (sikio langu mimi, zima, linalosikia paka akipita juu ya bati), kikavuma vizuri, nikanunua.

Siku ya ndoa baba na mkwe wameshikana mikono, shehe pembeni yao. Feni ikawashwa, baba akakunja uso. Mtu akakohoa, baba akashtuka kama kapigwa. Mara kile kifaa kikaanza kupiga mluzi.

"Zimeni simu, jamani!" shehe akasema.

Watu wakapapasa mifuko, mluzi unazidi. Nikalirukia sikio la baba kuficha aibu, kikaniponyoka, bwana harusi akakidaka kiganjani, kikalia zaidi, naye kakiinua juu kama mtu aliyeshika nyuki.

Shehe akamwinamia baba sikioni. "Mzee Hamadi, niwakilishe mie, nifungishe kwa niaba yako, tumalize."

Baba akanitazama kwanza. Kisha akasema, "Nimekuwakilisha."

Ndoa ikafungwa, yeye anaangalia midomo. Watu walipoinuka kupeana mikono, akaniuliza kwa sauti kubwa asiyoijua ukubwa wake: "Kakubali?"

Vijana wakaangua kicheko. Mimi nikaitika kwa kichwa tu.

Nikauza baiskeli na vingine, nikarudi kwa yule dada, na safari hii nilinyamaza mpaka akamaliza. Tulikwenda na kurudi, sauti hii inaongezwa, ile inapunguzwa, baba anaulizwa yeye, siulizwi mimi, nikaona pesa inakokwenda. Tangu hapo nimeapa: cha sikio la mtu sikijaribu tena kwenye langu.

Siku ya Idi mkwe alikuja kutusalimia. Baba akamwita karibu.

"Hebu sema."

"Niseme nini, baba?"

"Ulilomjibu shehe."

Mkwe akaona haya, akalisema polepole.

"Haya," akasema, akammiminia kahawa.