Mama Themanini

Pale soko la Mwanga, ukimuulizia fundi Dorotea, utapelekwa kwa mafundi wawili au watatu wasiohusika. Ukimuulizia Mama Themanini, hata muuza karanga atakushika mkono akufikishe. Jina hilo alipewa kwa heshima, akalipokea kwa fahari, na leo limemganda kama kupe. Habari ya jina lenyewe inachekesha ukiisikia nusu. Ukiisikia yote, hutacheka.

Dorotea ni mzaliwa wa Kidahwe. Aliolewa na Feliksi, utingo wa malori ya Kasulu, wakapanga chumba mtaa wa Buzebazeba na kujaliwa mtoto mmoja tu, Joanitha. Feliksi alipofariki, mjane hakurudi kwao. Alinunua cherehani ya miguu, akapata kibaraza sokoni, akaanza kushona sare za shule na magauni ya kipaimara. Ni mwanamke wa maneno machache na pindo zilizonyooka, mwenye kiburi kidogo, kile cha mtu aliyelea mtoto bila kwenda kuomba chumvi kwa jirani.

Joanitha alipomaliza darasa la saba alikwenda Dar es Salaam kusoma, akakaa kwa mjomba wake Alphonce, mwanajeshi. Karibu na nyumba ya Alphonce kulikuwa na uwanja wa gofu. Siku za mapumziko binti akawa anawabebea wachezaji mifuko, kisha akaazimwa fimbo, kisha akawashinda waliomwazima. Miaka ikapita. Siku moja akapiga simu nyumbani kusema kwamba sasa yeye ni mchezaji wa kulipwa, na msimu unaokuja atashiriki mashindano ya wanawake, nchi baada ya nchi. Watakaokuwa mkiani msimu ukiisha watatolewa. Watakaosalia ndio watakaoendelea kuishi kwa mchezo huo.

Sokoni habari haikupokewa vizuri. Veneranda, muuza vitenge wa kibaraza cha pili, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga.

"Yoo mawe! Mtu mzima na akili zake, badala ya kukuletea mkwe, anafukuza kimpira majanini?"

Dorotea alikanyaga cherehani kwa nguvu mpaka uzi ukakatika, huku moyoni akisema ipo siku Veneranda atayala matapishi yake. Tangu siku hiyo msimu ule haukuwa wa Joanitha peke yake.

Mashindano ya kwanza yalipofika, simu iliita jioni wakati Dorotea anapiga pasi sare. Aliipokea kwa mikono miwili.

"Haya, mwana wanje. Umepata ngapi?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwenye neno hilo dogo, kupata. Kwetu mtu akipata, amepata. Mtoto akitoka kwenye mtihani huulizwa amepata ngapi, na kadiri alivyopata nyingi ndivyo kuku anavyokuwa hatarini. Nani angemwambia Dorotea kwamba uko mchezo duniani ambao mwenye kidogo ndiye mshindi? Gofu huhesabu mapigo. Anayekiingiza kimpira katika mashimo yote kwa mapigo machache ndiye anayebeba kombe, na mwenye namba kubwa ni yule aliyehangaika vichakani mchana kutwa.

"Sabini na tisa," Joanitha alisema polepole.

"Na wenzio?"

"Wengi sabini na mbili, sabini na tatu. Aliyeongoza... kuna dada mmoja wa Kenya, yeye sitini na nane."

"Sitini na nane! Maskini, mtoto wa watu." Dorotea alikuwa ameshasimama. "Na wewe sabini na tisa! Hesabu za shule hukuwahi kuniletea sabini hata siku moja!"

Akapiga vigelegele, pasi ikiunguza kola ya sare ya mtu. Mafundi wakainua vichwa. Veneranda naye akachungulia. Upande wa pili wa simu sauti ndogo ikasema, "Asante, mama."

Mama simlaumu. Binti namlaumu nusu. Mtu ametoka uwanjani kichwa chini, wenzake hata hawamtazami, halafu anamkuta mmoja duniani anayemshangilia. Ana roho gani ya kumkatiza? Alidhani atamweleza kesho. Kesho yake akapata themanini na moja, na shangwe ikawa kubwa zaidi.

Msimu ukaenda hivyo. Kila Joanitha alipozidi kuzama, Mwanga ilizidi kunawiri. Alipopata themanini na tatu kwenye mvua ya Uganda, Dorotea aliwanunulia soda mafundi wote wa mstari wake. Veneranda, ambaye hapendi kuachwa nyuma na chochote kinachosifiwa, aligeuka akawa mpiga debe mkuu. Ni yeye aliyebuni lile jina. "Mama Themanini, za asubuhi!" angeita kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye ndizi, na Dorotea angeitika kichwa juu. Kilemba cha ukoka hicho, na aliyekivaa hakuwa na kioo.

Kitu kimoja tu kilimsumbua. Sauti ya mtoto ilikuwa inakonda.

"Unakula lakini?"

"Nakula, mama."

"Mbona unaongea kama uko kwenye foleni ya hospitali?"

"Ni uchovu tu."

Wanasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Dorotea aliusikia uchungu ule, akauita uchovu.

Mashindano ya mwisho yalikuwa Zambia. Siku ya kwanza Joanitha alipiga simu mapema kuliko kawaida, na kabla ya salamu alikuwa anacheka. "Mama! Sabini na moja!"

Dorotea aliuma midomo. Alitazama kama Veneranda anasikiliza, akageukia ukutani, akashusha sauti. "Pole, mwana wanje. Pole sana. Ni homa? Kuna mtu amekuchezea?"

Kicheko kule kikakatika.

"Usijali," mama aliendelea kumbembeleza. "Mungu hamtupi mja wake. Nitasali rozari yote. Kesho utapata nyingi."

Kesho yake simu ilikuja kwa wakati wake wa kawaida, na sauti ilikuwa ileile iliyokonda. "Themanini na tano, mama." Soko likapiga vigelegele ambavyo havijasikika tena pale. Wenzake wa jumuiya ya kanisa wakakubaliana kwamba binti akirudi, Dorotea atasimama kanisani kutoa shukrani, wote wakiwa wamevaa kitenge kimoja. Alikishona yeye mwenyewe, gauni baada ya gauni.

Joanitha alirudi Jumatano, mfuko wa fimbo begani. Alikuwa amekonda kweli. Alikula ugali wa muhogo na samaki wa mgebuka bila kuinua macho, akalala mchana kutwa. Ijumaa asubuhi Dorotea alitaka kwenda mwaloni Kibirizi, wanakotua wavuvi, kununua samaki wa sherehe, na binti akasema atamsindikiza, akafanye mazoezi kidogo kwenye mchanga mgumu ulio kando ya maji. Mama alifurahi. Tangu mtoto aanze mchezo huo, alikuwa hajawahi kumwona akicheza.

Ziwa lilikuwa la rangi ya risasi, na milima ya Kongo haikuonekana. Joanitha alifukia mkebe mtupu wa maziwa mchangani, mdomo ukiwa juu, akaenda mbali, mbali mpaka mama akadhani anarudi Buzebazeba. Akapiga. Kimpira kikaruka, kikadunda, kikasimama hatua chache kutoka kwenye mkebe. Akakifuata, akakisukuma taratibu, kikatumbukia. Wavuvi waliokuwa wanakunja nyavu wakashangilia.

Dorotea hakushangilia. Aliona mtoto anafanya uzembe.

"Mbili tu? Mbili ni haba, Joanitha! Kitoe, ongeza! Hivyo ndivyo ulivyofanya ile siku ya sabini na moja?"

Joanitha alimtazama. Fimbo ilimtoka mkononi. Akakaa chini palepale kwenye mchanga uliolowa, na gauni lake zuri, akasema, "Mama, mbili ndiyo nzuri."

"Nzuri kwa nani?"

"Kwa kila mtu. Anayepiga mara chache ndiye anayeshinda. Sabini na moja ile ilikuwa siku yangu nzuri kuliko zote. Na ile uliyoambiwa themanini na tano haikuwa themanini na tano. Nilipiga sitini na tisa, mama. Nikakudanganya, maana uliponiambia pole nilishindwa kuvumilia. Hata hivyo haikusaidia. Nilikuwa nimeshaanguka sana nyuma. Wamenitoa."

Dorotea alibaki amesimama na kapu lake. Akaanza kurudi nyuma kimoyomoyo, kituo kwa kituo, kama mtu anayefumua mshono. Uganda kwenye mvua. Soda za mafundi. Kola iliyoungua.

"Kwa hiyo siku zile zote," alisema hatimaye, "ulikuwa unalia, na mimi napiga vigelegele?"

Joanitha aliitikia kwa kichwa.

"Nani alikupa pole?"

"Hakuna."

"Mficha maradhi kilio humfichua," mama alisema kwa hasira, na hasira haikujua imkalie nani. Kwao Kidahwe mtu akiunguliwa na jiko tu, jirani huacha jembe aje kumpa pole. Mwanawe alikuwa amefiwa na msimu mzima, na mama mzazi amekwenda kucheza ngoma kwenye matanga. Aliona aibu, si mbele ya Veneranda. Aliona aibu mbele ya mtoto. Hawakununua samaki.

Jumapili alisimama kanisani na kitenge chake, akamshukuru Mungu kwa kumrudisha mwanawe akiwa mzima, akakaa. Watu walisubiri namba, hawakuzisikia. Veneranda akadhani ni unyenyekevu, akamsifu zaidi. Jina likaendelea. Dorotea angeweza kulikana, akashindwa, kwa sababu kulikana ni kumwanika mtoto sokoni. Kila alipoitwa aliitika, na kila alipoitika lilimchoma.

Njia ya kurudi mashindanoni ilikuwa moja: mchujo wa kabla ya msimu mpya, ambako waliotolewa hugombea nafasi chache zilizobaki. Joanitha alibaki nyumbani akifanya mazoezi Kibirizi asubuhi zote, mama akienda naye kila alipoweza, akikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akiwa ameshajifunza kunyamaza kimpira kinapotumbukia haraka na kufurahi moyoni. Kisha binti akaondoka.

Siku ya mchujo Dorotea alikata kitambaa vibaya mara mbili. Simu ilipoita kulikuwa na wateja watatu kibarazani, na Veneranda alikuwa ameshasogeza kigoda chake karibu, mdomo tayari kwa vigelegele.

"Mama," Joanitha alianza, "nimepata..."

"Hapana. Usinitajie namba." Dorotea alishika kona ya meza. "Namba zinanidanganya. Niambie kitu kimoja tu, mwana wanje. Nicheke au nilie?"

Kule kukawa kimya. Safari hii mama hakuujaza ukimya ule. Alisubiri.

"Lia, mama."

Basi Dorotea akalia, palepale mbele ya wateja na mkasi wake mkononi, akisema pole, pole, pole mwanangu, na upande wa pili mwanawe akalia naye kwa sauti, kama ambavyo hawakuwahi kulia pamoja tangu Feliksi azikwe.