Majaliwa ya Maisha Yote

"Huyu hatarudisha nauli ya watu. Akirudisha, mimi nitakula mabibo yenye siafu, hadharani." Ndivyo alivyosema binamu yangu siku niliyoaga kijijini kwetu Mkunya. Yeye ni mtoto wa mjomba, mtani wangu kwa haki zote, kwa hiyo nilicheka na watu wakacheka. Lakini wapo waliosema maneno kama hayo bila kucheka. Walisema mtoto aliyekulia ugali wa muhogo haiwezi baridi. Walisema stashahada yangu ya biashara itanifaa kufungia vitumbua. Walisema nikishapanda ndege, mjomba ahesabu amepoteza mpwa, na wao wahesabu wamepoteza fedha zao za korosho.

Niliyaweza yote, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa sauti ya chini. Chuo nilikimaliza kwa kuuza karanga. Marekani nilikaa miaka tisa bila kulala rumande wala kuomba chakula kwa mtu. Leo nina duka la pembejeo Newala mjini, nauza dawa ya salfa na mashine za kupulizia mikorosho, na walionicheka wanakuja kununua kwangu. Kitu kimoja tu kilitaka kunishinda, nacho ni kuwalipa walionikopesha nauli. Fedha nilikuwa nazo. Walikataa kuzipokea.

Viza niliipata kwa bahati nasibu ile ya serikali ya Marekani, sifichi. Nauli nilikopeshwa na watu saba, wengi wao wakiwa wametoka kupokea malipo ya mnada wa korosho. Mjomba alisimama dhamana, maana kwetu mtoto huwa wa mjomba kabla hajawa wa baba yake.

Kazi iliyonikalisha huko ilikuwa kaunta ya duka kwenye kituo cha mafuta. Nyuma yangu zilipangwa sigara, mbele yangu ilisimama mashine ya tiketi za bahati nasibu. Michezo ilikuwa mingi, lakini mmoja ulinitia kinyaa kuliko yote: ule wa kulipwa maisha yako yote. Wateja wa zamani walinisimulia ulivyokua. Ulianza kwenye jimbo moja dogo. Majimbo ya jirani yakaiona foleni, yakajiunga. Yakafuata ya mbali, hata yakapita ishirini. Mwanzo zawadi kubwa ilitajwa kwa wiki. Baadaye wakaona haivutii vya kutosha, wakaigeuza ikawa dola elfu moja kila siku ya Mungu, hadi ufe. Nilipoanza kazi, droo ilikuwa mara mbili kwa wiki. Siku moja meneja akabandika bango jipya: kuanzia sasa, kila siku. Wateja wakashangilia. Niliwatazama watu wazima wakishangilia kuongezewa siku tano za kuliwa, nikatia karatasi mpya kwenye mashine.

Alikuwapo mama mmoja, mfagiaji wa shule aliyestaafu, aliyekuja akiburuta goti bovu. Nilimwuliza, kwa umri wake, hiyo "maisha yote" itakuwa miaka mingapi. Akanionyesha maandishi madogo: wakianza kukulipa, malipo hayapungui miaka ishirini, na ukifa wanapewa warithi. "Basi wajukuu watakula," alisema, akanipa dola mbili za sarafu zenye joto la kiganja chake. Nilizipokea. Kesho yake nilizipokea tena. Kidole kilichobonyeza mashine kilikuwa changu, na mshahara nilioutuma nyumbani ulipitia hapo. Nami nilinunua tiketi wiki tatu mfululizo, kwenye baridi ya kwanza. Nilikosa, nikaacha. Nawajua waliosoma kunizidi ambao hawajaacha mpaka leo.

Kosa nililifanya kwenye simu. Mjomba aliniuliza kazi yangu hasa ni nini. Nilikuwa kwenye mapumziko, mkate mdomoni, dakika zinakwisha. Nikamwambia kuna mchezo, watu wanatoa kidogo kidogo, fedha za majimbo mengi zinakusanywa, halafu kuna malipo.

"Aaa!" mjomba alisema. "Majaliwa!"

Kwetu, mkulima akishapeleka korosho chama cha msingi, hulipwa malipo ya kwanza, kisha ya pili. Soko likiwa limekubali, kuna ya mwisho, na hayo ndiyo tunayaita majaliwa. Huchelewa, na msimu mwingine hayaji kabisa. Lakini mtu huyangoja kwa haki, kwa sababu magunia aliyapeleka mwenyewe.

"Ndiyo, mjomba," nilijibu. "Kama majaliwa."

Mimi, mwenye stashahada, nikajibu hivyo.

Nilituma kwanza nusu ya deni, mkononi mwa mjomba. Wakati huo watu walikuwa wanamsumbua mlangoni kwake kila siku, naye alitafuta neno la kuwatuliza. Akalipata kwangu. Fungu la kwanza aliligawa akisema, "Haya ndiyo malipo ya kwanza ya Marekani. Yapo mpaka maisha yote." Mimi sikujua. Nilirudi nikiwa na nusu iliyobaki, nikawaita uani kwa mjomba, nikaitandaza kwenye mkeka, kila mtu fungu lake. Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Hizi ndizo za pili?" aliuliza fundi baiskeli wa Chiwata, mmoja wa wale saba.

"Ni za mwisho, kaka. Deni limekwisha."

"Deni lipi tena, mdogo wangu? Sisi tuliingia kwenye majaliwa."

"Mmarekani anataka kutulipa kama vibarua!" binamu, naye mmoja wa wale saba, alidakia. "Tumempalilia, sasa tushike njia!"

Watu wakacheka. Niliuliza wanataka kulipwa mpaka lini.

"Mpaka tufe," alisema fundi, kwa upole kabisa.

Nilimgeukia mjomba. Alikuwa ameivua kofia yake na kuikagua mshono kama anayetaka kuinunua.

Nilijitahidi kueleza. Niliwapa historia yote ya mchezo, jimbo kwa jimbo. Niliwachorea hesabu ya uwezekano kwenye vumbi, hesabu niliyopata alama ya juu chuoni. Waliitikia kwa vichwa kama watu walio kwenye mkutano wa kampeni, kisha wakaenda zao, na fedha zikabaki mkekani. Kwa msimu mzima sikulala vizuri. Maneno yalinitangulia dukani: yule anakula maisha ya wenzake. Mteja mmoja alirudisha salfa yangu akisema hawezi kupulizia mikorosho yake dhuluma. Mimi, niliyetoka miaka tisa bila doa, nikawa mwizi katika mji wangu kwa sababu nilitaka kulipa.

Nilichukizwa na kila mtu. Nilichukizwa zaidi na ule mchezo, uliovuka bahari bila tiketi hata moja kuuzwa hapa. Neno lake tu lilitosha.

Kisha akaja mama mkubwa kutoka Lulindi, dada wa mama yangu, aliyenikopesha kuliko wote. Amechambua korosho ghalani karibu nusu ya umri wake. Mkono wake unaijua korosho mbovu kabla jicho halijaiona. Aliagiza wote sita waitwe, na mjomba awepo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa chini, na usinifundishe." Alingoja nikae. "Huko kwenye majaliwa yenu, korosho zilikuwa wapi?"

"Hakuna korosho, mama."

"Ufuta?"

"Hakuna."

"Hata mbaazi?"

"Hakuna kitu. Kuna karatasi tu."

"Anayelipwa kila siku, zinatoka wapi?"

"Kwa waliokosa."

"Waliokosa ni nani?"

Nikamsimulia yule mfagiaji, goti lake na sarafu zake. Mama mkubwa alimgeukia mjomba.

"Kwa hiyo, ndugu yangu, ulitaka nile za mama mwenye goti bovu. Kila siku. Mpaka nife."

"Mimi nilisema majaliwa tu," alisema mjomba.

"Majaliwa bila gunia? Na wewe ni mkulima?"

Mjomba alisema, kwa sauti ndogo, kwamba aliwadanganya kwa sababu walimchosha. Mama mkubwa akaninyooshea kiganja. "Leta changu. Changu chenyewe, kisizidi."

Wengine wakafuata mmoja mmoja. Nakiri iliniuma kuona swali la korosho limefanya lililoishinda hesabu yangu, na hesabu ile ilikuwa sahihi. Lakini nililipa. Binamu alipokea zake akilalamika noti zimekunjwa.

Fundi baiskeli peke yake aliondoka bila kuchukua. Kesho yake nilipanda pikipiki mpaka Chiwata. Nilimkuta ameinamia gurudumu, ananyoosha rimu.

"Nipe nusu," alisema bila kuinua macho. "Nusu nyingine kaa nayo."

"Kwa nini, kaka? Si umeelewa sasa?"

"Nimeelewa. Korosho hakuna." Alizungusha gurudumu, akalisimamisha. "Lakini nimezoea. Nikiamka najua kuna kitu kinakuja. Ukinilipa yote leo, kesho nitaamka na nini?"

Nilitamani kumtukana. Nilikuwa nimesimama miaka mbele ya watu wenye macho yale, nikiwauzia kesho kwa dola mbili, na sikuwa tayari kuuza nyingine hapa, hata bure. Nilimshika mkono wenye grisi, nikaweka fedha zote, nikavikunja vidole vyake kimoja baada ya kingine.

Alizihesabu taratibu. Akaanza upya, kama mtu anayetumaini kukuta pungufu.

"Zimetimia," alisema mwishowe, akazitia mfukoni na kurudi kwenye gurudumu lake. Alikuwa wa saba.