Upindo wa Suruali ya Baba

Kijana wetu huyu ndevu zake zilikuwa bado za kutafuta kwa kidole, lakini mapenzi yalishamkaa kooni. Nayo, kama mjuavyo, ni kikohozi. Aliyempenda ni binti wa fundi cherehani, mama mmoja asiye na mume, mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Binti ndiye aliyepokea nguo na kupiga pasi. Sasa utaingiaje kwa fundi mikono mitupu? Kijana akatafuta wembe. Anafumua upindo wa suruali, anaipeleka. Ikirudi, anafumua mguu wa pili.

Binti hakuwa mjinga. Siku moja akapitisha kidole penye uzi. “Bwana Upindo,” akamwambia, “kwenu mna panya anayetumia wembe?”

Ile ilikuwa aibu tamu, ya kuchekea peke yako njiani.

Suruali zake zilipokwisha akaingia kabatini kwa baba, akafumua ile ya kijivu ya kazini, iliyopindwa na mama kwa mkono. Alikusudia kuipeleka kesho yake. Baba akamtangulia kuivaa. Mguu ukafunguka mbele ya wenzake kazini, wakamcheka, naye wakati wa kurudi akapitia kwa fundi mwenyewe. Alifika nyumbani akisifu wepesi wa mkono wa yule mama. Wiki iliyofuata akapeleka shati. Kisha kola ya koti. Mwisho akapeleka sanduku la nguo zake, na halikurudi, wala yeye.

Mtaa ukapata la kusema. Shangazi, dada yake baba, alikuja kutoa pole, akamkuta mama anafua na kijana anamsaidia kukamua. Mama hakumlaumu mtu. “Wifi, kosa langu,” alisema. “Upindo tu ulinishinda. Nilimwaibisha mume wangu mbele za watu.”

Kijana aliikamua ile shuka mpaka viganja vikamwaka.

Angesema nini? Akifungua mdomo, wembe utajulikana, na binti naye. Akinyamaza, mama ataendelea kubeba mzigo usio wake. Na aliubeba kweli: kila asubuhi alikaa dirishani akivuta mishono ya nguo zao mmoja mmoja, kama mtu anayechambua mchele. Kijana alikuwa akipita kando ya ukuta ili mama asimwone. Asubuhi moja miguu ikamgomea.

“Mama, uzi wako haukukatika. Niliukata mimi.”

Akaeleza yote, macho kwenye vidole vya miguu yake. Mama akaumaliza mshono aliokuwa akiuvuta.

“Wewe ulikata uzi,” akasema mwishowe. “Miguu baba yako aliipeleka mwenyewe.” Akaweka chini nguo aliyokuwa akiikagua. Kisha akaitazama suruali ya mwanawe, mguu mmoja unaburutika. “Haya, kanunue uzi. Aliyefumua atashona.”

Kijana alitoka amepungukiwa mzigo, lakini si aibu. Hiyo ilikuwa imehama tu, kutoka tumboni hadi usoni. Dukani akakutana na binti, ameshika sabuni, ile ambayo baba hupenda kuogea. Wote wawili wakaiona. Binti akaificha nyuma ya mgongo, akatafuta la kusema.

“Habari za nyumbani, kaka?”

Kaka. Afadhali angemwita panya.